Ukisikia mtu akiitwa "mnyika"

Juzi sokoni Kongowea, Mombasa, mteja aliinua nazi, akaitikisa sikioni, akaitupa tena kwenye fungu. "Wanyika nao! Bei zao za kubahatisha." Mama muuzaji hakununa. "Mimi Mduruma, dadangu. Nazi ni hamsini." Mteja akatoa hamsini.

Nyika ni ile nchi kavu ya vichaka nyuma ya pwani. Watu wa mjini waliwaita Wanyika wote waliotoka huko, na wamishonari kama Krapf wakaliandika jina hilo vitabuni. Ukilisikia mtaani leo, maana yake ni mtu asiyestaarabika, asiyejua kuvaa wala kuzungumza na watu. Kuanzia miaka ya 1940 wenyewe wakashika jina la Mijikenda, yaani miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakambe, Wakauma, Warabai, Waribe na Wajibana. Hilo ndilo walilolichagua, nasi yafaa tuliheshimu.

Kinachoniuma ni kwamba tunadharau ndugu. Kiswahili na Kimijikenda ni lugha za tumbo moja, na nyumba nyingi za Majengo na Mji wa Kale zina nyanya Mdigo au Mrabai. Nafaka na pembe za ndovu zilizotajirisha mji huu zilipita mikononi mwao. Makaya yao, misitu mitakatifu yenye vijiji vyao vya kale, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008.

Ukiitwa mnyika, usirudishe tusi. Taja kabila lako, uendelee na shughuli yako. Mama yangu ni Mrabai, na kazini nimejibu hivyo mara nyingi. Mtu husita, akatafuta neno jingine. Akirudia, hayo ni makusudi, mpeleke kwa mkubwa wake. Sheria ya Kenya ya uwiano na utangamano ya 2008 inakataza kuchochea dharau ya kikabila.

Kwa mzee, taratibu. Wengine wamelelewa na neno hili na hawalihesabu kuwa tusi, na kumkemea mzee mbele ya watu ni utovu wa adabu. Shangazi yangu, mimi humwambia tukiwa wawili, nikimmiminia chai: "Shangazi, siku hizi twasema Mijikenda." Husahau, nami humkumbusha.

Watoto usiwaachie hata mara moja. Mmoja akimwambia mwenzake "wacha unyika wako", mwite papo hapo, amwite mwenzake kwa jina lake, amwombe radhi, ndipo mchezo uendelee.