Duka limefungwa: je, mwenye biashara anapata fao la kukosa ajira?

Kwa mwenye duka, saluni au gereji yenye jina la biashara tu, bila kusajiliwa kama kampuni, jibu ni hapana. Naanza na jibu kwa sababu hapa Ngamiani nimeshawasikia watu wakipangia matumizi hela ambazo hazipo.

Nimekaa pande zote mbili. Nilikuwa karani kwenye kampuni moja hapa Tanga, tukapunguzwa, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wakanilipa fao hilo. Tangu sheria za mifuko zibadilishwe mwaka 2018, masharti ni haya: uwe umechangia angalau miezi 18, hukuacha kazi kwa hiari yako, hujafika miaka 55, na hujapata ajira nyingine. Ukitimiza, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyekuwa akilipwa 600,000 anapata kama 200,000 kwa mwezi. Kwa kodi ya nyumba Raskazone haifiki mbali, ila Makorora unakula.

Baadaye nikafungua steshenari. Ilipodorora, kaka yangu akasisitiza nirudi kudai. Nidai nini, na nani kaniachisha? Fao hili limesimama juu ya ajira. Michango ni asilimia 20 ya mshahara; mwajiri anamkata mfanyakazi isiyozidi nusu yake, iliyobaki anaitoa yeye. Mwenye duka hana mshahara, ana faida, na kuna miezi hata hiyo haionekani. Leseni ya halmashauri na kodi ya TRA, mamlaka ya mapato, havihesabiki humo, hata ukilipa miaka ishirini.

Penye utata ni kwenye kampuni. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni mtu mwingine mbele ya sheria, kwa hiyo mkurugenzi anaweza kuwa mwajiriwa wake: ana mkataba, analipwa mshahara, anakatwa PAYE (kodi ya mshahara), anachangiwa NSSF kila mwezi. Huyo angalau ana pa kuanzia. Lakini sharti la kutoacha kazi kwa hiari bado lipo. Ukijiandikia barua ya kuachishwa kazi na ukaisaini mwenyewe, jiandae kuulizwa maswali. Na kujiweka kwenye orodha ya mishahara wiki mbili kabla ya kufunga ni kujitafutia kesi, usimsikilize anayekushauri hivyo.

Vijana uliowaajiri ni habari nyingine. Wao fao ni haki yao, na linategemea wewe uliwaandikisha na kupeleka michango. Aliyefanya kazi mwaka mzima au zaidi ana kiinua mgongo pia: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, mradi hakufukuzwa kwa kosa lake.

Wewe mwenyewe unaweza kuchangia NSSF kwa hiari, na mimi nachangia. Lakini huko tegemea pensheni ya uzeeni, usitegemee hela ya miezi mibaya. Hiyo ya miezi mibaya jiwekee mwenyewe, mbali na simu ya biashara, maana iliyomo kwenye simu ya biashara mzigo mpya utaimeza.

Ukiamua kufunga kweli, usifunge mlango tu ukaondoka. Iandikie TRA barua kwamba umesitisha biashara, la sivyo makadirio ya kodi yanaweza kuendelea kukuandama, na halmashauri nao wajulishe kuhusu leseni. Barua zipeleke mwenyewe, ubaki na nakala zilizogongwa muhuri wa kupokelewa.