Kabla hujaingia msituni na futi, tafuta mtu wa kukufundisha miti

"Dada, nimepangiwa kukusanya data msitu wa Amani. Nianzie wapi?" Ujumbe huu wa msomaji uliingia Jumanne usiku, siku ileile niliyopata taarifa kwamba makala yangu ya kwanza ya kisayansi imekubaliwa kuchapishwa. Nilimjibu mistari miwili tu, machozi yakinilengalenga. Leo namjibu vizuri, maana najua wako wengi wenye ndoto kama yake.

Mimi nilipanda milima ya Usambara Mashariki, uliko msitu huo, nikiamini nimeiva. Ikolojia ya misitu nilikuwa nimeifaulu kwa A, na majina ya Kilatini yalikuwa yananitoka kama sala. Nilijua kwamba Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, na kwamba msitu ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Mada yangu ilikuwa musizi, mti ambao kwao ni Bukoba, Uganda na kuendelea hadi Afrika Magharibi. Amani uliletwa na watu. Magogo yalipovunwa na msitu ukabaki na matundu ya mwanga, ndege hondohondo wakala matunda ya musizi na kudondosha mbegu kila mahali. Nilitaka kujua ni miche gani ya asili inayoota chini ya kivuli chake.

Nilipiga ploti 24, yaani vipande vya msitu vya kupimia, za mita 20 kwa 20. Mwaka uliofuata nikarudi kupima miti ileile, nikaenda kuwasilisha. Miti 41 ilikuwa "imepungua" unene, mingine kwa sentimita nne. Msimamizi wangu alisimamisha wasilisho mbele ya wenzangu wote akasema, "Hii siyo data." Akafunga faili. Imepita miaka minne na sauti ya lile faili bado naisikia. Angeweza kuniita pembeni. Angeweza pia kufika msituni hata siku moja, jambo ambalo hakulifanya.

Lakini kosa lilikuwepo. Kipenyo hupimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko unasimama upande wa juu wa mti. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasimama popote penye nafasi. Mti wa mnyasa nao una mizizi mipana iliyosimama kama mbao kuzunguka shina. Nilizungushia futi juu ya mizizi hiyo, badala ya kupanda hadi shina linapokuwa mviringo. Na sikupiga mstari wa rangi, kwa hiyo mwaka wa pili sikujua nilipima wapi.

La pili liliniuma zaidi. Mita 20 za ploti ni za usawa, kama inavyoonekana kwenye ramani. Mimi nilivuta kamba mita 20 juu ya ardhi iliyolala nyuzi 30. Hapo ulitakiwa uvute mita 23 na kidogo. Ploti niliyoiandika mita za mraba 400 ilikuwa na 346 tu, na hesabu zangu zote za miti kwa hekta zikawa pungufu. Klinomita, kifaa cha kupimia mteremko, nilikuwa nayo kwenye begi!

Nilirudi Amani kwa pesa yangu mwenyewe. Safari hii nilimtafuta mzee mmoja wa kijiji cha jirani, Msambaa aliyewahi kuongoza watafiti wengi. Siku ya kwanza hakuniruhusu kutoa daftari. Alichonga ganda la mti kwa ncha ya panga, kipande kisichozidi ukucha, akasubiri. Utomvu mwekundu ukachuruzika kama damu. "Huu mtambara, mwanangu. Usiangalie majani, yako juu huko, utavunjika shingo." Kisha akainama kwenye mche niliokuwa nimeuandika musizi mwaka mzima, akapitisha kidole ukingoni mwa jani. "Huu hauna meno. Musizi una meno." Nikapitisha kidole changu. Kweli, laini kabisa.

Siku 40 nilikuwa mwanafunzi wake. Ploti zote nikazirudia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tafuta mwenyeji kabla hujatafuta klinomita. Mlipe kwa heshima, msalimie vizuri, kula anachokula. Andika kwa penseli, maana mvua ya masika haina huruma na wino. Piga rangi kila unapopima. Na nasisitiza tena, tafuta mwenyeji! Vijana wa siku hizi tunapenda kukimbilia programu ya takwimu tukidhani ndiko sayansi iliko, kumbe namba mbovu hazisafishiki kwa kompyuta. Acheni kiburi cha vyeti. Msitu haujui umesoma wapi. Asiyeweza kukaa chini ya mti na mzee na kusema "nifundishe" asiende kupoteza pesa za watu kule.

Kwenye makala yetu nilimwandika mzee kama mwandishi mwenza. Nikaambiwa anatosha kwenye shukrani, mwisho kabisa, na kwa kuwa sikuwa na sauti nilikubali. Hilo najutia kuliko ile miti 41. Nimechapa nakala mbili. Moja nimeitafsiri kwa Kiswahili pembeni, ukurasa kwa ukurasa, na jina lake nimeliandika juu, kando ya langu. Jumamosi napanda basi la Muheza nimpelekee mwenyewe.