Usaili bila suti

Swali: Mhariri, nimeitwa kwenye usaili wa kampuni jijini Kampala, na barua inasema nivae nadhifu lakini suti si lazima. Nivae nini? Msomaji, Jinja.

Jibu: Ndugu msomaji, vaa suruali ya kitambaa ya kijivu au bluu nzito, shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na viatu vya ngozi vinavyolingana na mkanda; jinzi, hata mpya, iache nyumbani. Koti la mtumba utalipata soko la Owino, hapo Kampala, ila lijaribu mabegani kwanza, kwa kuwa fundi hupunguza kiuno kwa urahisi lakini mabega humsumbua. Tai si lazima, ingawa serikalini mambo ni tofauti: waraka wa Wizara ya Utumishi wa Umma wa mwaka 2017 uliwataka watumishi wanaume waivae pamoja na koti.