Jibu la msomaji: Kila mtoto na kompyuta yake?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kila mwanafunzi wa shule ya msingi awe na kompyuta yake?", limegusa penye kidonda. Kila mara tunaulizana idadi. Mimi ningeuliza kwanza kipindi cha dakika 40 kinaliwa na nini.

Kuhusu idadi, Peru walishajaribu. Kupitia mpango wa One Laptop per Child (kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto), shule za vijijini zilipata kompyuta mpaka zikazidi idadi ya wanafunzi. Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ikalinganisha shule 319, zilizopata na zisizopata, na mwaka 2012 ikatoa matokeo: alama za hisabati na lugha hazikupanda. Vifaa vilifika, ufundishaji ukabaki ule ule.

Sasa tazameni kipindi kimoja cha darasa la pili: wanafunzi 40, kompyuta za mezani 20, wamekaa wawili wawili. Mwalimu akasema "washeni", zikawashwa zote kwa mpigo, na zote zilikuwa kwenye ekstensheni zilizotoka soketi moja. Sakiti breka, ile swichi ya usalama inayokata umeme mzigo ukizidi, ikakata. Wala haikuwa mbovu. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula kama wati 100 hadi 150, kwa hiyo 20 zinakaribia wati 3,000, na huo ndio mwisho wa soketi ya ampea 13 kwenye volti 230. Tena pawasaplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta, huvuta umeme mwingi kwa mkupuo pale inapowashwa. Fundi agawe mzigo kwenye laini mbili au tatu, na mashine ziwashwe safu kwa safu kabla watoto hawajaingia.

Umeme uliporudi, kila skrini ikadai nenosiri, nalo lilianza na herufi kubwa. Mtoto anabonyeza Caps Lock, kitufe cha herufi kubwa, anaandika herufi ya kwanza, anasahau kuizima, nenosiri linakataliwa. Binti mmoja alitafuta "g" mpaka akakata tamaa, kumbe kidole kilishapita juu yake: kibodi imechapwa G, na yeye daftarini anaijua ile yenye mkia. Mtoto wa umri huo hana kosa hapo. Bandikeni herufi ndogo juu ya vitufe, na fungueni akaunti moja ya wanafunzi isiyo na nenosiri wala ruhusa ya kusakinisha programu.

Waliofanikiwa kuingia wakakwama kwenye kubonyeza mara mbili. Mkono mdogo hubonyeza polepole na kusogeza kipanya kitufe kikiwa bado kimebonyezwa, basi badala ya programu kufunguka, ikoni inaburutwa mpaka kona ya skrini. Kwenye mipangilio ya kipanya kuna sehemu ya kupunguza kasi ya mibonyezo. Ni kazi ya nusu dakika kwa kila mashine, lakini ni wachache wanaoigusa. Wakati huo mashine mbili zilikuwa zimeanza kusasisha mfumo. Masasisho yawekewe saa ya jioni, na mtu awepo. Hisabati iliyokusudiwa ilibakiwa na dakika 12, na kwa kila jozi mmoja alishika kipanya mpaka kengele ikalia. Kwa hilo la mwisho dawa ni kanuni moja tu: anayeshika kipanya hafanyi ila anachoambiwa na mwenzake, na kila dakika 5 wanabadilishana.

Intaneti haijatajwa mpaka hapa, na si kwa kusahau. Scratch, programu ya kufundishia watoto kutunga programu, husakinishwa ikatumika bila mtandao, na ina Kiswahili. Kolibri, maktaba ya masomo na video, hukaa kwenye kompyuta moja, nyingine zikaisoma kupitia rauta, kifaa kinachoziunganisha. Ila darasa zima lisifungue video kwa wakati mmoja, rauta ya nyumbani itazidiwa. Video ionyeshwe kwa projekta.  

Kwa hayo yote jibu langu lingekuwa hapana: wawili kwa mashine wanatosha, tena wanasemezana na kusahihishana. Lakini kuna kazi isiyofanyika kwa ubia, nayo ni kuandika. Sentensi inatungwa na kichwa kimoja. Wa pili anakaa kutazama, na vidole vyake havijifunzi kibodi. Na mtoto asiyeona vizuri, anayehitaji maandishi makubwa au programu ya kumsomea skrini, hawezi kugawana na mwenye mahitaji mengine.

Basi niandikeni upande wa ndiyo, japo nusu nusu. Mtoto wa namna hiyo apewe yake tangu darasa la kwanza. Wengine, kuanzia darasa la nne, kila mmoja awe na yake kwenye kipindi cha kuandika tu, hata kama nusu ya darasa itaanzia daftarini kisha wabadilishane. Kwa kila mashine 20 ziwepo 2 za akiba, na mtu mwenye saa zilizotengwa kwenye ratiba kwa ajili ya kupuliza vumbi kwenye feni, kubadilisha nyaya na kupanga masasisho. Shule isiyo na mtu huyo ianze na kompyuta moja ya mwalimu na projekta.