Maswali ya wasomaji: Uhura, glita na Kiklingoni

Barua kuhusu Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, zimetufikia nyingi kutoka Kigoma na Tabora. Nyingine zilikuwa na swali moja kwa maneno tofauti, tukaziunganisha. Tuliyoyajua tumeyajibu hapa, mengine kwa urefu, mengine kwa mistari michache.

Ndugu mhariri, mimi na kaka yangu tumebishana. Yeye anasema jina la Uhura, yule ofisa wa mawasiliano wa Star Trek, ni Kiswahili kilichokosewa, mimi nasema ni jina la kubuni tu. Nani kashinda? Na ni kweli Kiswahili kinasikika humo ndani? – Msomaji, Ujiji

Kaka yako kashinda, ila neno "kilichokosewa" aliondoe. Jina lilibadilishwa kwa makusudi. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu kilichoitwa Uhuru. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, akalipenda neno hilo, na irabu ya mwisho ikageuzwa kuwa *a* ili jina lisikike la kike kwa sikio la Mmarekani. Kwetu *a* ya mwisho haina jinsia. Juma na Asha wote huishia nayo. Tazama pia majira yenyewe: sehemu ya kwanza ilirushwa na NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miaka mitano tangu Desemba 1961. Neno uhuru wakati ule lilikuwa la moto.

Kiswahili kinasikika, na wala hungoji sana. Katika sehemu hiyohiyo ya kwanza, "The Man Trap", kiumbe kinachonyonya chumvi ya mwili wa binadamu kinajigeuza kuwa mwanamume ambaye Uhura alikuwa akimfikiria, kisha kinamsemesha kwa Kiswahili. Mara ya pili ni msimu wa 2, katika "The Changeling" ya Septemba 1967. Mtambo uitwao Nomad unamfutia Uhura kumbukumbu, naye anaanza kufundishwa kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Akikwama kwenye Kiingereza, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Sisi tunaliona tukio hili kuwa zito kuliko lile la kwanza, kwa sababu linaeleza bila kulitamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Jina lake la kwanza, Nyota, lilianza vitabuni, na kwenye skrini lilitamkwa kwanza katika filamu ya 2009, Uhura akiwa Zoe Saldaña. Katika tamthilia nyingine ya Star Trek, Strange New Worlds, iliyoanza 2022, anaigizwa na Celia Rose Gooding, na humo anatajwa wazi kuwa wa Kenya. Nichols mwenyewe alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Baadaye, kuanzia 1977, alifanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, ya kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Alifariki tarehe 30 Julai 2022.

Orodha moja inasema tamthilia ya kwanza ina sehemu 79, nyingine 80. Ipi sahihi? Na mbona sehemu ya tatu daktari ni mtu mwingine? – Msomaji, Mwanga, Kigoma

Zote mbili zina hoja. Zilizorushwa kati ya 1966 na 1969 ni 79. Ya 80 ni "The Cage", sehemu ya majaribio ambayo NBC waliikataa, kapteni akiwa Pike, aliyeigizwa na Jeffrey Hunter, na si Kirk. Picha zake nyingi zilitumiwa tena ndani ya "The Menagerie", yenye sehemu mbili, na yenyewe nzima ikaonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1988.

Daktari mwingine uliyemwona ni Piper, na hapo hakuna aliyechanganya mafaili. Baada ya kukataa jaribio la kwanza, NBC waliagiza la pili, "Where No Man Has Gone Before". Lilipigwa 1965 lakini likarushwa la tatu, tarehe 22 Septemba 1966. Ndiyo maana sare ni tofauti, na McCoy, daktari uliyemzoea, na Uhura hawamo. Ukitaka mambo yaende kwa mpangilio, anza na hilo, kisha urudi "The Man Trap" na uendelee kwa tarehe. Sehemu moja ni dakika 50 hivi, kwa hiyo zote 79 ni kama saa 66: mbili kila usiku, siku 40 umemaliza. Mwenye haraka aonje "Balance of Terror" na "The City on the Edge of Forever" kwanza. Tamthilia ikikushinda hapo, basi haikufai.

Kwenye runinga yetu ya bapa nyuso za waigizaji zimetanuka. Tumebonyeza rimoti mpaka tumechoka. Sasa zimekuwa nyembamba! – Msomaji, Nzega

Tamthilia zote za Star Trek zenye waigizaji zilizotengenezwa kuanzia 1966 mpaka Voyager iliyoisha 2001 zina picha ya 4 kwa 3, yaani upana 4 kwa kimo 3. Runinga yako ni 16 kwa 9. Ikiivuta picha ijae, kila kitu kinatanuka kwa theluthi moja. Ikiikuza, unapoteza robo ya kimo, na vichwa vinakatwa. Hali sahihi ni kuwa na mistari miwili myeusi pembeni. Kwenye runinga ya inchi 32, kila mstari una kama sentimita 9. Uvumilie, si ubovu.

Wembamba uliokuja baadaye unatokana na kurekebisha mara mbili. King'amuzi au deki imeshaweka mistari myeusi, kisha runinga nayo ikaambiwa 4:3, ikaibana picha iliyokwisha kubanwa. Chagua kifaa kimoja tu cha kurekebisha. Kwanza runinga iweke 16:9 uiache hapo, ndipo uingie kwenye mipangilio ya king'amuzi uchague hali inayoweka mistari myeusi pembeni. Kipimo chetu ni rula: simamisha picha panapoonekana sayari nzima, upime upana na kimo. Vikilingana, umefika.

Wengine wameuliza kwa nini Deep Space Nine, tamthilia ya baadaye ya Star Trek, ina ukungu kuliko ile ya kwanza, iliyo kongwe zaidi. Ya kwanza ilipigwa na kukamilishwa kwenye filamu ya milimita 35, ikaweza kuchakatwa upya kwa ubora wa juu. Deep Space Nine na Voyager zilipigwa kwenye filamu pia, lakini zikahaririwa kwenye kanda za video za wakati ule, na kazi ya kuzirudia kutoka kwenye filamu haijafanywa. Hakuna kitufe cha rimoti kitakachoondoa ukungu huo.

Sisi ni kikundi cha wanafunzi. Tunataka kutengeneza video fupi yenye mtu anayeyeyuka kwa nuru kama kwenye Star Trek. Tuna simu mbili na hatuna kompyuta. Inawezekana? – Wasomaji, Isevya, Tabora

Inawezekana, tena kwa vitu vya dukani kwenu. Njia hiyo ya kusafirisha watu, wakiyeyuka chomboni na kutokea sayarini, ilizaliwa na ufinyu wa fedha: kutuisha chombo kwenye sayari mpya kila wiki kungegharimu mno. Mwaka 1966 walimwaga unga wa aluminiamu mbele ya kamera huku ukimulikwa. Unga huo msiuguse. Unashika moto na unaingia mapafuni. Kwenye tamthilia ya baadaye, The Next Generation ya 1987, walitumia glita (vipande vidogo sana vinavyong'aa) ndani ya maji, nanyi fuateni hiyo.

Simu ya kwanza ifungeni kwenye stendi au muibane kati ya matofali mawili. Bonyezeni skrini kwa muda mrefu mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Mwigizaji asimame wima, mikono pembeni, sekunde 10. Atoke, nanyi mrekodi mahali patupu sekunde 10 nyingine bila kusimamisha kamera. Simu ikiguswa hata kidogo, ukuta utaruka mwigizaji anapotoweka, na kila mtazamaji ataona. Kupiga nje ni kujitafutia shida, maana wingu likipita mwanga unabadilika katikati. Fanyeni ndani, feni imezimwa, mapazia yamefungwa nyuma yasipepee.

Sasa glita. Tafuteni chupa pana ya kioo ya lita moja, isiyo na maandishi. Jazeni maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu maji ya bomba yana hewa inayoganda kiooni kama vipovu, na kwenye picha vipovu hivyo hung'aa bila kusogea. Tieni nusu kijiko cha chai cha glita laini ya fedha au dhahabu, ile wanayouza wenye mapambo ya harusi. Itaelea juu. Tone moja tu la sabuni ya vyombo litaizamisha. Mkizidisha mtapata povu. Nyuma ya chupa wekeni kitambaa cheusi tii umbali wa nusu mita, tochi iimulike glita kutoka ubavuni wala si kutoka mbele, taa nyingine zote zizimwe. Korogeni taratibu, toeni kijiko, hesabuni tatu, rekodini sekunde 20.

Programu yoyote ya kuhariri kwenye simu inayoruhusu video mbili kukaa moja juu ya nyingine inatosha. Chini wekeni picha ya mwigizaji, ififie kwa sekunde 2 kuingia kwenye mahali patupu. Juu wekeni glita, mchague namna ya kuchanganya iitwayo "Screen", inayoufuta weusi na kubakiza nuru. Kateni umbo la glita lifuate mwili wa mwigizaji, kingo zikiwa laini. Nuru ianze sekunde 1 kabla mtu hajafifia na iishe sekunde 1 baada yake. Vikianza pamoja, macho yanaona mtu anafutika, hayaoni anasafirishwa. Mkiona pembe nne za kijivu kuzunguka glita, kitambaa chenu hakikuwa cheusi cha kutosha: punguzeni mwanga wa video hiyo na muongeze utofauti wa rangi mpaka kijivu kizame.

Nashona fulana za Star Trek. Mteja mmoja anataka nyekundu ya kapteni, mwingine anasema kapteni ni dhahabu. – Fundi, Urambo

Waulize wanafuata tamthilia ipi. Ya 1966: dhahabu ni uongozi, bluu ni sayansi na tiba, nyekundu ni uhandisi, mawasiliano na ulinzi. Kuanzia 1987, kapteni Picard alipoingia, nyekundu ikawa ya uongozi na dhahabu ikahamia kwa wahandisi na walinzi. Kwa ile ya zamani usisahau utepe wa mkononi: Kirk ana mistari miwili mizima na mmoja uliokatika katikati yake, Spock, ofisa wa sayansi, miwili mizima, McCoy mmoja mzima na mmoja uliokatika, Uhura mmoja mzima. Nembo hukaa kifua cha kushoto, na ndani yake uongozi una nyota. Wengi huweka nyota kwenye rangi zote. Hapo mpenzi wa kweli atakurudishia fulana.

Nasikia Kiklingoni, lugha ya Waklingoni wa Star Trek, kinafanana na Kiswahili. Ni kweli au maneno ya vijiweni? – Msomaji, Kasulu

Undugu hakuna, lakini wewe unayezungumza Kiswahili, au Kiha, unaanza mbele ya Mwingereza. Maneno machache ya kwanza yalibuniwa na mwigizaji James Doohan kwa filamu ya 1979. Mwanaisimu Marc Okrand ndiye aliyeijenga lugha kamili kwa filamu ya 1984, na kamusi yake ikatoka 1985.

Kitenzi chake hubeba mtenda na mtendwa mwanzoni, kama chetu. Sisi tunasema *nakuona*. Mklingoni anasema *qalegh*. *Legh* ni kuona, na *qa-* ni mimi na wewe kwa pamoja. *Cholegh* ni unaniona, *mulegh* ananiona, *vIlegh* namwona. Sisi tunaweka *ni* na *ku* mbalimbali, wao wameviyeyusha kuwa kiambishi kimoja, kwa hiyo hakuna njia ila kuvikariri. Wakati hauwekwi kabisa: *qalegh* yaweza kuwa nilikuona au nitakuona, kutegemea mazungumzo.

Matamshi nayo yanakubeba. *Gh* yao ni gh ya *ghali*. *Ng* yao ni ng' ya *ng'ombe*, na inaweza kuanza neno, jambo linalowatoa jasho Waingereza. Angalia tu herufi kubwa na ndogo: *q* na *Q* ni sauti mbili tofauti, na *I* huandikwa kubwa hata katikati ya neno.

Utakapojikwaa ni kwenye mpangilio wa sentensi. *Puq legh yaS*: *puq* ni mtoto, *yaS* ni ofisa. Utasoma "mtoto anamwona ofisa". Sivyo. Mtendwa hutangulia na mtenda huja mwisho, hivyo ofisa ndiye anayemwona mtoto. Ukitafsiri, anza na neno la mwisho urudi nyuma mpaka uzoee. Na usitafute salamu ya kujuliana hali. Neno wanalokutana nalo, *nuqneH*, maana yake ni "unataka nini?" Kwa mtu wa Kigoma aliyelelewa na shikamoo, hilo linahitaji moyo.

Chombo cha Enterprise wanachosafiria kwenye tamthilia kilikuwepo kweli? – Msomaji, Sikonge

Vipo viwili vya kuguswa. Kielelezo kikubwa kilichopigwa picha kwa tamthilia ya kwanza, kilichochorwa na Matt Jefferies, kina urefu wa futi 11, zaidi kidogo ya mita 3.3, na kipo kwenye jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian mjini Washington. Cha pili ni chombo halisi cha NASA. Kilikuwa kiitwe Constitution, lakini wapenzi wa tamthilia waliandika barua nyingi sana kwa serikali ya Marekani, na Septemba 1976 kikatoka karakanani kikiitwa Enterprise, waigizaji wakiwa wamesimama mbele yake. Mwaka 1977 kilibebwa na ndege, kikaachiliwa hewani na kutua chenyewe ili kupima namna ya kutua. Injini za kukifikisha angani hakikuwekewa, na hakikwenda. Sasa kipo New York, kwenye makumbusho ya Intrepid.