Maswali ya Wasomaji: Granada, Córdoba, Sevilla, kisha Bahari ya Cádiz

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na mume wangu tumedhamiria kumtembeza mama mkwe wangu nchini Uhispania kwa siku kumi. Ana umri wa miaka 68 na magoti humsumbua, lakini kwa muda mrefu amekuwa na hamu ya kuiona miji ya kale ya huko. Orodha yetu ina Madrid, Barcelona, Valencia, Granada, Córdoba, Sevilla, Málaga na Cádiz. Likizo tunaweza kuichukua Julai au Oktoba. Je, ratiba hii inatekelezeka, na mwezi upi unafaa?

JIBU: Dada yangu, nianze na mwezi, kwa sababu huo ndio utakaoamua kama mama atafurahi au atateseka. Nendeni Oktoba. Mwezi wa Julai joto la Córdoba na Sevilla hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na miji hiyo iko bara, katika bonde la mto Guadalquivir, ambako upepo wa bahari haufiki kwa urahisi. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni maduka mengi madogo hufungwa na wenyeji hujifungia ndani, mapazia yakiwa yameshushwa. Mgeni anayezunguka nje saa hizo huwa yuko peke yake na jua. Oktoba hewa imetulia, mwanga bado ni mzuri, na maji ya bahari ya Cádiz hayajapoa sana.

Ama orodha yenu, miji minane kwa siku kumi ni kuhamisha masanduku, si kutembea. Iondoeni Barcelona na Valencia, ambazo ziko upande mwingine kabisa wa nchi na zinastahili safari yake. Málaga pia iacheni safari hii. Bakini kusini, Andalucía, ambako historia ya miji mitatu inasimulika kama hadithi moja: watawala Waislamu waliipoteza Córdoba mwaka 1236, Sevilla mwaka 1248, na Granada ikabaki peke yake hadi mwaka 1492.

Mkishuka Madrid, pandeni treni ya mwendo kasi moja kwa moja hadi Granada mlale siku tatu. Kutoka hapo nendeni Córdoba siku moja, Sevilla siku mbili na Cádiz siku mbili, kisha mrudi Madrid mlale usiku wa mwisho karibu na ndege yenu. Masafa ni mafupi: Granada hadi Córdoba ni saa moja na nusu hivi, Córdoba hadi Sevilla ni kama dakika 45, na Sevilla hadi Cádiz haifiki saa mbili. Nimeiweka bahari mwisho kwa makusudi, kwa kuwa mtu aliyechoka na kuta na ngazi hupumzika vizuri zaidi akijua kwamba hana kasri jingine linalomsubiri kesho.

Kabla ya kulipia hoteli yoyote, nunueni tikiti za Alhambra, ngome ya kale ya Granada yenye makasri ndani yake. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, tikiti huandikwa jina na namba ya pasipoti, na sehemu yake iliyo bora, yaani makasri ya ukoo wa Wanasri, watawala Waislamu wa mwisho wa Granada, huingiwa kwa saa iliyochapishwa kwenye tikiti. Ukichelewa saa hiyo huruhusiwi kuingia, hata kama umetoka mbali kiasi gani. Tumieni tovuti rasmi ya Alhambra, chagueni saa za asubuhi, na siku hiyo kila mtu awe na pasipoti yake mkononi.

Mkiwa ndani, msikimbilie Uwanja wa Simba pekee, ingawa simba wake 12 wa marumaru wanaobeba chemchemi wanastahili sifa zao. Simameni karibu na ukuta wowote na mtazame kuanzia chini kwenda juu: kwanza vigae vya rangi vilivyokatwa na kupangwa kama nyota, kisha plasta iliyochongwa kwa ustadi kama kazi ya tarizi, na juu kabisa dari la mbao. Katikati ya nakshi hizo mtaona sentensi ileile ikirudiwa kwa herufi za Kiarabu: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Anayezijua herufi hizo ataisoma mwenyewe bila mtembezaji, na nadhani mama ataipenda zaidi akiisoma kuliko akielezwa. Kwa ajili ya magoti yake, kumbukeni kwamba eneo zima ni pana na lina miinuko. Mtaa wa kale wa Albaicín, ulio mkabala na ngome, una vichochoro vya mawe na miteremko mikali, kwa hiyo pandeni basi dogo la mjini hadi karibu na uwanja wa San Nicolás, kisha mkae hapo jua likizama huku Alhambra ikigeuka kuwa nyekundu mbele yenu.

Córdoba ina mengi, lakini mkiwa na siku moja ipeni Msikiti Mkuu, ambao sasa ni kanisa kuu. Ujenzi wake ulianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza miaka ya 780, na vizazi vilivyofuata viliupanua hadi ukawa na msitu wa nguzo zaidi ya 800. Tazameni nguzo za sehemu ya zamani kwa karibu. Hazifanani: moja ni ya kijivu, nyingine ya rangi ya waridi, na vichwa vyake vimechongwa kwa mitindo tofauti, kwa kuwa mafundi walizitoa kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, waliotawala huko baada ya Warumi, yaliyokuwepo kabla yao. Nguzo hizo zilikuwa fupi mno kwa ukumbi mkubwa namna ile, nao wakajenga tao juu ya tao, kwa matofali mekundu na mawe meupe yakipishana, ili dari liinuke na hewa ipite. Uhaba wa nguzo ndefu ndio uliozaa umbo ambalo watu huvuka bahari kuja kulitazama. Katikati ya msitu huo mtakuta kanisa lenye dari refu, lililoanza kujengwa mwaka 1523. Mimi naona lilivunja mpangilio wa jengo, ingawa wapo wanaosema kwamba ndilo lililolinusuru lisibomolewe.

Sevilla mama ataweza jambo moja ambalo wageni wengi huliogopa, nalo ni kupanda mnara wa Giralda. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 12 kuwa mnara wa msikiti, na ndani hauna ngazi ila njia 35 za mwinamo zinazozunguka, pana za kutosha mtu kupanda akiwa juu ya farasi. Ngazi zinakuja kidogo tu mwishoni. Pandeni polepole, mkipumzika kwenye madirisha.

SWALI: Kuhusu viza ya Uhispania, niombe lini, na ni nyaraka gani huwakwamisha watu?

JIBU: Uhispania imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya muda mfupi hukuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Wewe usingoje hizo siku 15, kwani nafasi za miadi huisha mapema. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari iwe inafidia matibabu ya angalau yuro 30,000 katika eneo zima la Schengen, na pasipoti ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Hakikisha pia tarehe za tikiti, hoteli na bima zinalingana, kwa kuwa tofauti ya siku moja tu huzua maswali.

SWALI: Mimi ni Mwislamu na sili nguruwe. Nimesikia nyama hiyo imo karibu kila sahani. Nitakula nini Andalucía, na je, ninaweza kuswali katika ule msikiti wa Córdoba?

JIBU: Ndugu yangu, jengo la Córdoba ni kanisa linalotumika, na swala ya Kiislamu hairuhusiwi ndani yake. Ingia kama mtazamaji. Ukiwa Granada, msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003 uko juu Albaicín, jirani na San Nicolás.

Kuhusu chakula, jifunze maneno mawili, "sin cerdo", yaani bila nguruwe, na "sin jamón", bila paja la nguruwe lililokaushwa. Hilo la pili ndilo muhimu zaidi, kwa sababu vipande vya jamón hunyunyizwa juu ya vyakula ambavyo havikuhitaji nyama, kama salmorejo ya Córdoba, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Sevilla uliza mchicha uliopikwa na dengu. Lugha nayo haitakuwa ngeni kabisa: sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, na "hata" yetu ni ndugu wa hasta yao, maana yote yalitoka katika Kiarabu.

Lakini pa kula kwa raha zaidi ni Cádiz, mji uliozungukwa na bahari karibu pande zote, ulioanzishwa na Wafoinike, mabaharia wa kale kutoka pwani ya Lebanoni ya leo. Mwaka 1717 ofisi iliyosimamia biashara ya Uhispania na makoloni yake ya Amerika ilihamishiwa huko kutoka Sevilla, na wafanyabiashara wakajenga minara juu ya nyumba zao ili kuziona meli zikirudi. Zaidi ya 100 ingalipo. Ingia duka la samaki wa kukaanga, agiza cazón en adobo, ambaye ni papa mdogo aliyelowekwa katika siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba kabla ya kupakwa unga na kukaangwa. Ikiwa siki inayotokana na divai inakutia shaka, agiza samaki wadogo wa unga mtupu. Utapewa ndani ya karatasi iliyokunjwa kama pia, mafuta yakianza kulowesha upande mmoja. Chukua karatasi yako hadi ufuko wa La Caleta, katikati ya ngome mbili, ule wakati maji yanakupwa na mitumbwi midogo imelala mchangani.