Kabla ya tezo, ujue mti: kwa wanagenzi wanaoingia bandani

Taruma, yaani ule mti uliopinda unaoshika mbao za chombo kwa ndani, la kwanza nililochonga peke yangu lilipasuka kwenye msumari wa tatu. Nilikuwa na miezi minne kwenye banda la kuundia majahazi, kisiwani Lamu, nikaona uzito kwenda kutafuta tawi lililopinda. Nikachukua gogo lililonyooka, nikalichora mviringo kwa mkaa, nikalikata kwa msumeno. Kwa macho lilipendeza. Lakini pale penye kona nyuzi za mti zilikuwa zimekatika, hazipiti kutoka ncha hadi ncha, na msumari ulipoingia mti ukafunguka kwa kufuata nyuzi hizo. Fundi wangu hakunigombeza. Alinipa panga na kusema, "Nenda shamba, mwanangu. Taruma liko juu ya mti, limekwisha kupinda."

Ninyi mnaoanza sasa, lishikeni hilo kabla hata ya kujua kunoa tezo, kile chombo cha kuchongea mti. Ubao wa ubavuni hupasuliwa, taruma hutafutwa. Pale tawi linapoachana na shina, kwenye panda, nyuzi zimejipinda zenyewe tangu mti ulipokuwa mchanga, na hakuna msumeno unaoweza kuiga nguvu hiyo. Kwetu tunatazama zaidi mwarobaini na mwembe. Pinda kipande cha chuma chembamba mahali taruma litakapokaa, kisha nenda nacho shambani ukilinganishe na matawi. Utatembea asubuhi nzima urudi na mawili tu. Usione umepoteza siku. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wenye mashamba wengi huona mti uliopinda ni kuni, nawe usiwapunje kwa sababu hiyo. Walipe vizuri, mwakani utarudi kwao.

Mkuku, yaani mti wa chini kabisa unaobeba chombo kizima, ni kinyume chake: unataka mti mrefu, mzito, ulionyooka, na bambakofi ndio unaosifiwa. Hapo tazameni sana kichwa cha gogo. Niliwahi kuuziwa gogo na mfanyabiashara mmoja, nikafurahia unene wake bila kuona kwamba sehemu kubwa ilikuwa ile nyeupe ya nje na si moyo wa mti. Sehemu ile nyeupe wadudu wa baharini waliitoboa kama chujio. Tangu hapo kabla sijalipa hukwangua kichwa cha gogo kwa kisu, nikaona mpaka kati ya weupe na wekundu, nikanusa, nikainua upande mmoja nipime uzito. Mwembe kwa mbao za ubavuni si mbaya, unapatikana kwa wepesi na hukubali kupinda, lakini huoza mapema. Chombo cha mwembe kisikose sifa, yaani mafuta ya papa, juu ya maji na deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini ya maji, wala kisikose kupandishwa pwani kikaunguzwa kwa makuti makavu ili wadudu wafe.

Wengine kati yenu mtaingia upande wa nyumba, na huko mti mkuu ni mkoko, ule unaoota kwenye tope la bahari, kokoni. Jifunzeni majina ya ukubwa, maana muuzaji hatawasubiri: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kuanzia nyembamba kwenda nene. Huuzwa kwa korja, yaani miti 20. Ukiingia nyumba ya mawe ya kale mjini Lamu utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 2.5 hadi 3. Waliojenga hawakuwa na upungufu wa kiwanja. Boriti iliyobeba dari ya mawe na chokaa haivuki zaidi ya hapo bila kulegea, kwa hiyo mti wa kokoni ndio uliopima chumba. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Arabuni na Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Ukiitwa kukarabati dari kama hiyo, usianze katikati hata kama ndiko boriti imeinama. Anza pale inapoingia ukutani. Maji yanayovuja kutoka juu hukaa mle ndani ya ukuta, na boriti huoza ncha huku katikati ikilia kama mpya ukiigonga. Choma kisu kwenye ncha. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, weka nguzo za muda kwanza, ndipo uguse kingine.

Jambo linaloniuma ni ukataji. Mchu, mti mwingine wa kokoni, ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mkoko hauchipui. Ukiukata umekufa, na utakaofuata ni ule ulioota kutokana na kijiti chake kilichoanguka topeni. Kwa hiyo nunueni kwa mkataji mwenye kibali, na mkienda naye kokoni wakati wa maji kupwa, ona kwa macho yako kwamba miti mikubwa ya kuzaa imebaki. Akifagia yote, wewe mwenye umri wa miaka 20 hutapata boriti ukifika 40.

Nyuma ya kisima cha jirani yangu kuna mwarobaini. Tawi lake la upande wa bahari limepinda sawasawa na taruma la omo, yaani mbele ya chombo. Nimelingoja miaka miwili, na mwenyewe nimeshamwomba asilipogoe. Likifika unene wa paja nitakwenda na mwanagenzi wangu, na safari hii nitamwachia yeye panga.